Rupia ya Babu Ndani ya Plastiki

Duka la kopi, Al Mansoura, Doha
Ijumaa, baada ya Asri

Salma mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Nimekuacha nyumbani saa saba mchana ukimaliza sahani ya pili ya wali, mama yako akikupimia mabegi kwa ile mizani ya kuning'iniza. Kwa hiyo tuliache hilo.

Nimekuja dukani. Tajiri hafungui Ijumaa mpaka Magharibi, mashine zote zimezimwa, na hapa kaunta ndipo mahali pekee ninapoweza kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Mambo ya pasipoti kukaa mfukoni na si begini, ya kuvaa sweta ndani ya ndege, ya kutokunywa maji ya mfereji wiki ya kwanza, hayo mama yako ameyajaza kurasa mbili na mimi mwenyewe ndiye niliyeyatoa kopi. Sina la kuongeza. Yeye ni nesi, anajua miili. Mimi ni mtu wa makaratasi, na ninalotaka kukwambia linahusu karatasi moja.

Utaikuta kwenye bahasha ya kahawia pamoja na barua hii. Ni noti ya rupia moja ya Shelisheli, ya wakati ule visiwa vile vilikuwa chini ya Mwingereza. Ina kichwa cha mfalme pembeni, na imefunikwa kwa plastiki ngumu pande zote mbili. Ni mali ya shangazi yako Mwanasha, ambaye kesho utalala nyumbani kwake Mombasa, na ambaye kwa miaka tisa ameambiwa kwamba niliipoteza. Sikuipoteza. Muda wote huo ilikuwa kwenye droo yangu hapa dukani, chini ya karatasi za kuchapia picha.

Basi nimeshasema. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana nataka uingie nyumba ile ukiujua ukweli, na uwe umeusikia kwangu.

Babu yako alikuwa dobi wa meli. Hukumjua vizuri, alifariki ukiwa na miaka mitatu. Alifua na kupiga pasi kwenye meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Bombay na kupitia Shelisheli. Safari moja walipotia nanga Mahe, karani mmoja wa bandarini alimletea mashati sita ya haraka, akamlipa noti hiyo. Babu akaitia mfukoni akijua ni pesa. Alipofika Mombasa akaenda nayo dukani kununua sukari. Mwenye duka akaigeuza, akaitazama juani, akamrudishia. Akaenda kwa mbadilisha fedha. Naye akamwambia kile kisiwa ni kidogo mno, hata akiichukua atampa nani?

"Pesa ya kisiwa ikivuka maji inakuwa picha," babu alizoea kusema, na kila akisema alicheka, ingawa mashati yale aliyapiga pasi mpaka akaungua kiganja, na kovu tulikuwa tukiliona.

Hakuitupa. Kila asubuhi ya Idi, tukirudi kuswali, kabla hatujapewa hela zetu za peremende, alitupanga mstari ukumbini, mkubwa mpaka mdogo. Anakutia noti kiganjani, anakufumba vidole kwa mkono wake, anasema, "Shika. Ipe joto. Rudisha." Unahesabu mpaka kumi. Halafu inakwenda kwa mwenzio ikiwa bado na joto lako. Wa mwisho alikuwa mama yetu, na yeye akimrudishia alisema, "Haya, tajiri, pesa yako." Hakuna nyumba nyingine mtaani iliyofanya hivyo. Watoto wa jirani walikuwa wakija kupanga mstari na wao, na babu hakumfukuza mtu.

Kwa mikono hiyo yote noti ikawa laini kama leso ya zamani. Mkunjo wa katikati uligeuka mweupe. Ilikuwa ikinukia sabuni ya kufulia, sijui kwa nini, labda ni kabati alimoiweka. Babu alipofariki alimwachia Mwanasha kwa sababu ndiye mkubwa, na Mwanasha akaendelea na mstari ule kwa watoto wake na watoto wa mtaa. Wewe uliishika mara tatu nne kabla hatujakuleta huku. Hukumbuki. Ulikuwa unataka kuitia mdomoni.

Sasa ndipo ninapoingia mimi.

Hapa dukani alikuwa akija mteja mmoja, Bwana Fernandes, Mgoa, mhandisi mstaafu anayekaa kwenye magorofa ya Pearl, mtaa wa wenye pesa. Alizaliwa Mombasa, Kiswahili chake ni safi kuliko chako. Kazi yake ya uzeeni ni kukusanya noti, na si noti zozote: za visiwa vidogo vilivyotawaliwa na Mwingereza. Nilikuwa namchapia vijikaratasi vya maelezo vya kubandika chini ya kila noti. Siku moja aliniita kwake. Nyumba iko juu kabisa, inatazama boti za matajiri, lakini mapazia yamefungwa mchana kutwa kwa sababu mwanga unafifisha karatasi. Akanifungulia albamu tatu. Shelisheli, Morisi, Santa Helena, Bermuda, Falkland, na visiwa vingine ambavyo ningeambiwa ni majina ya sabuni ningekubali. Visiwa ambavyo watu wake wote hawajazi kiwanja cha mpira, na kila kimoja kina pesa zake za karatasi zenye mfalme yuleyule.

Nilimuuliza, kisiwa kidogo vile karatasi za nini, si wangetumia sarafu? Akanieleza kwamba sarafu zilikuja kwa meli kutoka mbali, na wakati wa vita meli haziji, watu wanakosa hata chenji ya mkate. Kwa hiyo serikali ya kisiwa inaagiza noti ndogondogo, mpaka za nusu rupia. Watu wanazitumia mpaka zinachakaa, zikirudi serikalini zinachomwa. Ndiyo maana zimebaki chache. "Anayekuwa nayo leo," akasema, "ni yule ambaye mtu wake alisahau kuitumia."

Kisha akaniuliza, "Wewe mtu wa Mombasa huna hata moja ya Shelisheli?"

Nikasema, "Ninayo."

Sikuwa nayo. Alikuwa nayo Mwanasha. Salma, ukitaka kujua jambo hili lilianzia wapi, lilianzia hapo, kwenye neno moja nililolisema kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri na nimechoka kuwa mtu wa kuchapa maelezo ya vitu vya wengine. Akaniambia, "Ilete ilivyo. Hata ikiwa chafu, hata ikiwa imechanika. Usiifanye kitu."

Likizo ile nilikwenda nyumbani, nikamwomba Mwanasha. Nilimwambia nataka tu kumwonyesha mtaalamu, nitairudisha kwa mkono wangu. Moyoni nilikuwa nimeshaiuza. Nilijiona nikirudi Mombasa na kitu kikubwa, watu wakisema Athumani ndiye aliyejua thamani ya kitu cha baba yake, wengine walikuwa wakikichezea tu. Mwanasha akaitoa kabatini. Nilikuwa na ndevu wakati huo, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na bado alinifumba vidole kama babu. "Shika. Ipe joto. Rudisha."

Nikaja nayo. Na kabla ya kuipeleka Pearl, nikaipitisha kwenye ile mashine unayoiona pembeni ya dirisha, ile ya kufunikia karatasi kwa plastiki ya moto. Nikaipiga laminesheni.

Najua unavyocheka. Ungemjua babako wa miaka ile usingeshangaa. Sisi watu wa kwetu, kitu tukikipenda tunakipiga laminesheni. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la nane, picha ya mtu aliyehiji, hati ya shamba. Anayeacha cheti chake wazi tunamwona hana adabu na vitu. Na mimi ndiyo kazi yangu, ndiyo sifa yangu mtaa huu: plastiki ya Athumani haina mapovu, kingo zimekatwa sawasawa. Nilitaka yule bwana aone jinsi watu wa Mombasa wanavyotunza vitu vyao.

Kibaya zaidi ni kwamba nilijua. Wiki ileile alikuja hapa dada mmoja kutoka Kisumu, nesi, na digrii yake ndani ya plastiki. Mama yake alimpigia plastiki hiyo kwa furaha siku alipohitimu. Ofisi ya kuhakiki vyeti imemkatalia, maana muhuri haukai juu ya plastiki, na kazi yake inangoja muhuri. Alisimama hapa kaunta akilia. Nikampa kiti, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Dada, karatasi ya asili haifunikwi. Unafunika kopi." Nilimwambia mimi. Siku mbili baadaye nikaisikia mashine ikiimeza rupia ya babu, na ile harufu ya plastiki ikiiva, na bado nilikuwa natabasamu.

Bwana Fernandes hakupandisha sauti. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaiweka mezani polepole.

"Nani aliyefanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili isiharibike."

"Kwa mtu kama mimi," akasema, "hii sasa ni menyu ya mkahawa." Kisha akaniletea chai, na chai ile ndiyo iliyonitia haya kuliko maneno.

Nilimuuliza kama inaweza kutolewa. Akasema nikiivuta itaachana matabaka mawili, mfalme upande mmoja na maandishi upande mwingine. Sikumwamini. Nilirudi hapa nikachukua noti kuukuu ya shilingi ishirini, nikaipiga laminesheni, nikaibandua. Ilichanika kama alivyosema. Baada ya hapo nikaitia rupia kwenye droo.

Mwanasha akapiga simu. Akapiga tena. Mara ya tatu nikamwambia imepotea tulipohama kutoka ile nyumba ya kwanza kuja hii ya Bin Mahmoud. Akasema, "Kitu kilichoshikwa na watoto wa mtaa mzima miaka yote hakikupotea, kimepotea kwako wewe mtu wa makaratasi?"

Alijua nasema uongo. Hakujua ni uongo gani. Aliamini nimeiuza na kula, na mimi nikaona afadhali aamini hivyo. Unaona ujinga wangu ulipofika: niliona aibu kuwa mjinga kuliko kuwa mwizi. Tangu siku hiyo Mwanasha huongea na mama yako tu. Mimi hunitumia salamu ya Idi, maneno matatu, kama ya ofisini. Mwaka ule hakupanga mstari. Mama yako aliniambia kwamba watoto walikuja wakasimama ukumbini kama kawaida, akawapa peremende wakaenda. Mama yako naye alikuwa haujui ukweli. Nimemwambia juzi, na hajanisemesha vizuri mpaka sasa, kama ulikuwa unajiuliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka tisa, na ilipita katikati ya maisha yako.

Mwaka jana ulipoleta barua ya nafasi ya chuo Mombasa, ya mambo ya maabara, nilikwambia usubiri. Nikasema hosteli si salama. Nikasema joto la Mombasa litakusumbua, mtoto uliyekulia Doha. Ulinitazama ukaona uniache na hayo. Ukauliza, "Na kwa shangazi je?" Nikasema shangazi yako ana mambo mengi. Nafasi ikapita. Ukakaa mwaka mzima ndani ya gorofa, ukiwafundisha hesabu watoto wa jirani, wenzako wa darasa wakituma picha za vyuoni. Siku moja nikakusikia ukimwambia mama yako jikoni, "Baba haniamini. Anadhani nikienda nitaharibika."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu mkononi. Ningeweza kuingia nikasema si hivyo. Nilivaa viatu nikatoka. Nilikuacha uamini kwamba babako hana imani nawe, kwa sababu ukweli ulikuwa ni kwamba babako anamwogopa dada yake. Noti ni karatasi. Mwaka wako niliokula ndio unaonikaa hapa kifuani, na nauonea aibu kila ninapokutazama ukikunja nguo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza kwa sasa, pia nitaelewa.

Wewe ndiye uliyelikata jambo, na hukujua unalikata. Chuo kilipokupa nafasi tena mwaka huu, ulikuja na simu mkononi ukaniambia, "Baba, nimeongea na shangazi mwenyewe. Amesema nikuje, chumba kipo. Sasa nini tena?" Nikasema, "Haya." Ukanikumbatia ukidhani nimekubali. Nilikuwa nimeshindwa tu.

Jana Asri nikampigia.

"Dada, ile rupia haikupotea."

Nikasikia kitu kikikaangwa upande wake. Akapunguza moto.

"Uliiuza bei gani?"

"Sikuiuza. Nilitaka kuiuza. Nikaipiga plastiki, ikaharibika, nikaogopa kukwambia."

Sasa akauzima moto kabisa.

"Kuuza nilishakusamehe," akasema. "Zamani. Nilisema labda alikuwa na shida ugenini akaona haya kuomba. Nikakuombea dua. Kumbe nilikusamehe jambo ambalo hukulifanya." Akavuta pumzi. "Sasa hili la kunidanganya itabidi nianze mwanzo."

"Itachukua muda gani?"

"Usinihimize, Athumani."

Baadaye akauliza ndege yako inatua saa ngapi, na kama bado unakula samaki. Nikamwambia unakula chochote. Akasema, "Mpe aje nayo hivyohivyo ilivyo. Usiiguse tena." Halafu akaongeza, "Na ndani ya hiyo plastiki yako, inapata joto?"

Nikasema sijui, sijawahi kujaribu.

"Miaka tisa hujajaribu," akasema, akakata simu.

Hapo ndipo mambo yalipo. Sijui atanisamehe. Kwako wewe sina wasiwasi, Mwanasha si mtu wa kumlipizia mtoto. Lakini nakuomba mawili, na haya hayamo kwenye orodha ya mama yako. Ukimpa bahasha, usinitetee. Akinisema, mwache amalize, wewe mimina chai. Na barua hii ukitaka kumsomea, msomee yote, hata pale niliposema kwamba moyoni nilikuwa nimeshaiuza. Hilo sikumwambia kwenye simu. Nilishindwa.

Nimemwomba tajiri likizo ya Idi. Amesema tutaona, na wewe unajua maana ya tutaona mtaa huu. Nitakuja kwa vyovyote. Mstari ukipangwa, nitasimama nyuma ya wadogo.

Wenye maduka ya jirani wameanza kufungua, na tajiri atafika sasa hivi, kwa hiyo naifunga barua. Tangu nilipoanza kuandika, rupia nimeifumba kwenye mkono wa kushoto. Mwanzoni ilikuwa baridi na kingo zinachoma. Nilihesabu mpaka kumi, nikaendelea, nikasahau kuhesabu. Sasa nimefumbua nikaigusisha shavuni.

Mwambie shangazi yako kwamba inapata. Inachelewa, lakini inapata. Iwahishe kwake.

Babako,
Athumani